Prado 120 ya petroli, odo inasoma 218,000: nichukue au niachane nayo?

Mkulima_Kiteto

Habarini wakuu. Nipo Dodoma, shamba langu liko Kiteto, na mvua zikishika ile njia gari dogo halipiti. Nimeamua kutafuta Prado, na nimepata mbili, zote ziko Dar.

Ya kwanza ni TX ya 2006, TRJ120, injini 2TR, oto, namba D (usajili wa herufi D). Odo, yaani mita ya kilomita, inasoma 218,000. Mwenye nayo ndiye aliyeiagiza, anataka milioni 42, maongezi yapo. Ya pili ni ya 2005, nayo ni 2TR, nayo ni namba D, rangi imenyooka, viti kama vipya, odo 89,000. Hiyo iko kwa dalali, anataka milioni 49 na hashuki.

Nyumbani wote wananiambia chukua ya 89,000. Rafiki yangu ananiambia petroli ni kujitafutia umaskini, nitafute dizeli. Natembea kama kilomita 1,000 kwa mwezi, nusu yake vumbi na matope. Naombeni mawazo ya watu wanaozijua hizi gari.

Spana_14

Mkuu, nakujibu kwa kirefu, maana hizi gari zinapita sana mikononi mwangu na inaniuma nikiona mtu anaacha gari zima kwa sababu ya namba ya kwenye dashibodi, kisha anakwenda kubeba mkweche uliopigwa rangi.

Tuanze na hiyo ya 89,000, kwa hesabu tu. Gari ni ya 2005 na ina namba D. Namba D zilianza kutoka 2014 hivi, kwa hiyo ilikaa Japani karibu miaka kumi. Hata tukisema mwenyewe kule alikuwa anatembea kilomita 8,000 tu kwa mwaka, hapo tayari ni kama 80,000. Zinabaki 9,000 za Tanzania nzima, kwa miaka yote tangu ilipoingia. Prado inunuliwe Dar, ilipiwe ushuru wote ule, halafu iwekwe kivulini? Inawezekana, ila muuzaji ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Akuonyeshe karatasi ya mnada ya Japani, au cheti cha kuitolea gari Japani, ambacho huwa kinaandika kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wao. Akuonyeshe stika za sevisi, risiti, chochote. Kama hana, iweke akilini kwamba umbali wa hiyo gari haujulikani, na milioni saba za juu unalipia kioo cha odo.

Kurudisha kilomita nyuma ni kazi ya muda mfupi kwa mwenye mashine. Ila pedali ya breki hairudishwi nyuma. Angalia mpira wa pedali, usukani upande wa mkono wa kulia, kitasa cha gia, na ukingo wa kiti cha dereva pale mtu anapotelezea akishuka. Kama viti vimeshonwa upya na usukani umevalishwa kava, vua hiyo kava. Ukikuta mpira wa pedali ni mpya kabisa kwenye gari ya 2005, jiulize kilichofanya ubadilishwe.

Sasa ya 218,000. Injini 2TR ni silinda nne, cc 2,694, na inatumia cheni ya taimingi, si mkanda. Hilo ni jambo kubwa kwa mnunuzi wa gari la kilomita nyingi. Ile injini ya lita 3.4 ya zamani, 5VZ, ina mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilomita 100,000 hivi, na ukinunua bila kujua ulibadilishwa lini unaubadilisha siku hiyo hiyo. Hata V8 ya Land Cruiser 100, 2UZ, ni mkanda. Cheni ya 2TR inaishi na injini, mradi oili inamwagwa kwa wakati. 2TR yenye kilomita laki tatu iliyotunzwa ni jambo la kawaida kabisa, inavuta na haili oili. Iliyoachwa na oili nyeusi nzito miezi na miezi inakuwa marehemu kabla ya laki mbili.

Kwa hiyo swali lako lisiwe imetembea ngapi. Uliza imemwagwa oili kila baada ya kilomita ngapi, na je, imewahi kuchemsha. Hayo mawili ndiyo yanayoua hizi injini.

Nenda asubuhi kabla gari haijawashwa, na mwambie mwenye nayo mapema asiiwashe. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, omba uje siku nyingine. Fungua kifuniko cha kujazia oili, chungulia ndani kwa tochi. Unatafuta chuma cha rangi ya dhahabu au kahawia. Ukiona tope jeusi limeganda, hiyo injini imenyimwa oili, ondoka. Kisha mtu mwingine awashe, wewe simama nyuma kwenye eksozi. Moshi wa bluu unaotoka mara moja na kukata ni sili za valvu, si mwisho wa dunia ila ni fedha. Bluu inayoendelea ukikanyaga mafuta ni ringi. Mvuke mweupe wa asubuhi ni kawaida, unaoendelea hata gari likishapata moto si kawaida. Sikiliza pia mbele ya injini sekunde za kwanza. Cheni iliyolegea inapiga kelele kama minyororo hadi oili ifike.

Sehemu ninayoiogopa kuliko zote kwenye hizi Prado 120 za oto ni rejeta. Oili ya gia boksi inapoozwa na bomba dogo lililo ndani ya rejeta, chini kabisa. Rejeta ikizeeka, lile bomba likapasuka au likaoza, maji yanaingia kwenye gia boksi na oili inaingia kwenye maji. Gari linaendelea kutembea siku kadhaa vizuri tu, kisha gia zinaanza kuteleza na gia boksi imekwisha. Ukifungua kifuniko cha rejeta (gari likiwa la baridi, tafadhali) unatakiwa kuona kulanti safi, nyekundu au ya kijani inayopenya mwanga. Ukikuta uji wa pinki kama maziwa ya strobeli, funga, shukuru, ondoka. Chomoa na kijiti cha gia boksi, futa kwenye karatasi nyeupe. Oili iwe nyekundu. Kahawia yenye harufu ya kuungua, au pinki yenye povu, ni hapana.

Naendelea chini, nimeitwa garejini.

Mzee_wa_Dizeli

Mkulima, nakuheshimu ila umbali wa shamba huo na petroli ni kuchoma hela. Prado ya dizeli inavuta kwa nguvu kuanzia chini, matope yote inapita, na mafuta inakunywa kidogo. Hiyo 2.7 ukipakia magunia na watu watano inalia mlimani. Mimi siwezi kumshauri mtu petroli kwenye gari la karibu tani mbili.

Spana_14

Mzee wangu, kwenye mvuto uko sahihi, sibishani. 2TR ina nguvu farasi kama 160 na inazipata ikiwa kwenye mizunguko ya juu. Panda nayo Kitonga ukiwa umepakia, utashusha gia na kusubiri. Mtu anayevuta trela kila wiki achukue dizeli.

Lakini tunazungumzia gari la kilomita nyingi, mkononi mwa mtu wa pili au wa tatu. Dizeli ya Prado 120 mara nyingi ni injini ya 1KZ au 1KD. 1KZ ikichemsha hata mara moja silinda hedi inaweza kupasuka, mafundi wote wanajua. 1KD ina injekta za komoni reli ambazo zikichoka zinaweza kukutoboa pistoni, na seti nzima ya injekta ni fedha ya kununulia mbuzi wa kujaza zizi. Ina tabo, ina pampu ya presha kubwa, na vyote hivyo havipendi dizeli chafu ya kwenye madumu. Kwenye 2TR hakuna tabo na hakuna pampu hiyo. Plagi nne, koili nne, injekta za presha ndogo. Ikikuharibikia Kibaigwa, fundi wa Kibaigwa anaiweza.

Mafuta tupige hesabu ya wazi. Mjini kwenye foleni ni kilomita 6 hadi 7 kwa lita, safari ya lami kwa mwendo wa 90 inakaribia 10. Njia ya shamba weka 7. Kilomita 1,000 ni lita 143 hivi kwa mwezi. EWURA wanatoa bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, zidisha mwenyewe kwa bei ya Dodoma. Kisha piga hesabu hiyo hiyo kwa dizeli ya kilomita 10 kwa lita, ni lita 100. Tofauti ni lita 43. Jiulize itakuchukua miaka mingapi hiyo tofauti ifikie bei ya injekta na tabo. Anayetembea kilomita 4,000 kwa mwezi jibu lake ni jingine. Wewe wa 1,000, petroli inakutosha.

Nairobi_4x4

Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa, kwa hivyo Prado 120 zote zilizobaki ziko hapa kitambo na zote ni za kilomita nyingi. Mtu akikuuzia ya kilomita 90,000 huku tunamcheka. Yangu ni 4.0, ile 1GR, na imepita laki mbili na nusu. Inavuta vizuri sana, lakini mjini inakula lita moja kwa kilomita tano, wakati mwingine nne. Kama ndugu wa Kiteto anahesabu mafuta, abaki kwa 2.7.

Jambo la kuongeza: aangalie kama suspenshen ya nyuma ni springi au ni mifuko ya hewa. TX nyingi ni springi, ziko sawa. Zile za juu, TZ, nyingi zina mifuko ya hewa, na ikizeeka inavuja usiku, asubuhi unakuta gari limekalia matako. Wengi wameondoa na kuweka springi. Si kosa, bora imefanywa na fundi anayejua.

Spana_14

Asante ndugu wa Nairobi, hilo la mifuko ni kweli kabisa.

Nimalizie nilipoishia. Chini ya gari. Japani kuna mikoa ya theluji, Hokkaido na kaskazini mwa Honshu, wanamwaga chumvi barabarani, na ile chumvi inakula chesisi. Gari la kisiwani au la kukaa pwani ya Dar miaka kumi nalo linapata lake. Lala chini na nyundo ndogo, gonga taratibu pande zote mbili juu ya eksili ya nyuma na pale mikono ya suspenshen inaposhikiliwa. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa mlio mfu na vipande vinadondoka. Kutu ya juu juu si shida. Chesisi iliyopakwa rangi nyeusi mpya inayong'aa siku unapokuja kuangalia, hiyo igonge mara mbili. Namba ya chesisi utaikuta imechongwa upande wa kulia mbele, karibu na tairi. Ilingane na kadi, herufi kwa herufi, na chuma kinachozunguka kisiwe na alama za kuchomelea.

Breki. Prado nyingi zenye VSC (mfumo wa kuzuia gari kuteleza) hazitumii busta ya vakyumu, zina pampu ya umeme inayojaza presha. Ni kifaa cha gharama sana na wauzaji wengi wanauza gari hasa kikianza kuchoka. Swichi ikiwa imezimwa, kanyaga breki na kuachia mara nyingi, ishirini hata arobaini, hadi pedali iwe ngumu kama jiwe. Kisha fungua swichi bila kuwasha injini, usikilize. Utasikia mota inanguruma mbele ya dereva. Inatakiwa ijaze na kunyamaza ndani ya nusu dakika au kuzidi kidogo. Ikinguruma dakika nzima, au ikinyamaza na kurudi kila baada ya sekunde chache hujagusa breki, hapo unashusha bei kwa mamilioni au unaondoka.

Ukiwa umefungua swichi hivyo hivyo, hesabu taa za dashibodi. Taa ya injini, ya ABS, ya VSC na ya oili lazima ziwake kwanza ndipo zizime. Taa ya injini isipowaka kabisa, mtu ameiziba ili usione kitu. Hili nimeliona kwa macho yangu kwenye gari iliyokuwa inauzwa kama haina tatizo hata moja: balbu ilikuwa imefunikwa na utepe mweusi nyuma ya dashibodi.

Sasa ule mfumo wenyewe wa kuvuta tairi nne, maana ndio unaununua. Prado hizi zinasukuma tairi zote muda wote. HL inafunga difu ya katikati, LL inafunga na kuingiza gia nzito. Gari nyingi za mjini hazijawahi kuingizwa LL tangu zishuke bandarini, na vitu visivyotumika vinaganda. Tafuta eneo la mchanga au vumbi, si lami kavu, maana kwenye lami unaumiza shafti. Simamisha gari, weka N, ingiza LL, tembea mita chache mbele na nyuma. Taa ya difu iwake na kubaki imewaka. Ikipepesa bila kutulia, difu haijafunga. Toka R kwenda D taratibu usikilize chini. Mlio mmoja mkavu ni krosi za propela au grisi imeisha, ni kazi ndogo. Mgurumo unaoongezeka na mwendo ni bearingi au difu, hiyo si ndogo.

Bushi za chini mbele, boljointi, shokapu, bushi za steringi raki: kwa kilomita 218,000 zitakuwa zimechoka, na hilo lisikutishe. Vyote vinapatikana Kariakoo na Ilala, ila omba vya asili au vya kampuni ya kueleweka.

Mama_Wawili

Samahani Spana, kaka yangu alinunua gari zuri tu, baada ya miezi miwili wakaja watu wa mkopo kulichukua. Mtu anajikingaje na hilo?

Spana_14

Pole sana dada. Siku hizi taasisi nyingi za mikopo midogo zinashikilia kadi ya gari kama dhamana. Mtu akikwambia kadi halisi iko kijijini au iko kwa wakili, usitoe hata shilingi ya kushikilia gari. Kadi halisi uione, jina lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia, na umwone yeye mwenyewe, si dalali. Kagua deni la faini za trafiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi. Fedha zipite benki kwenda akaunti yenye jina lililo kwenye kadi. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, kisha muende pamoja kubadilisha umiliki TRA, kila mmoja na TIN yake. Anayekwambia utabadilisha mwenyewe baadaye, hana nia nzuri na wewe.

Mkulima_Kiteto

Mrejesho wakuu. Nimeshuka Dar na fundi wangu wa Dodoma, nimeona ni bora nimlipe nauli na siku zake.

Ya 89,000 tumefika saa moja asubuhi, boneti ya moto. Dalali akasema aliihamisha tu kuipeleka kivulini. Karatasi ya Japani hana, sevisi hajui. Fundi alipovua kava, usukani ulikuwa umechubuka hadi ngozi ya ndani. Tumeaga.

Ya 218,000 tumemkuta mzee mmoja mtulivu, ana daftari. Kila sevisi ameandika tarehe, kilomita na aina ya oili. Karatasi ya mnada anayo, iliingia na 94,000. Injini imewaka baridi bila moshi, chini ya kifuniko kahawia safi. Fundi amepima kompresheni, silinda zote nne zinakaribiana. Breki pampu imenyamaza haraka. Kasoro: rejeta ni ile iliyokuja nayo, bushi za chini mbele zimekwisha, kava ya valvu inalowesha oili kidogo, na LL imekataa mara mbili ndipo ikaingia. Chesisi imegongwa yote, inalia.

Tumekubaliana milioni 39. Kesho TRA. Nianze na nini kabla sijaipeleka Kiteto?

Spana_14

Hongera sana, hilo daftari ni mali. Ukikabidhiwa gari mwombe akuachie, uendelee kuandika wewe.

Usiipandishe Dodoma na rejeta hiyo. Gari la 2006 na rejeta yake ya kwanza, huo ndio utaratibu wa kuua gia boksi niliousema juu. Weka mpya hapo hapo Dar, pamoja na thamostati, kifuniko chake na mipira ya juu na chini, ujaze kulanti halisi, si maji ya bomba. Papo hapo mwaga na oili ya gia boksi. Aina ya oili hiyo (ATF) imeandikwa kwenye kijiti chake, fuata hiyo hiyo. Mwaga iliyo kwenye sampo (bakuli la chini) tu, tembea wiki chache, mwaga tena. Usikubali isukumwe yote kwa mashine kwa mkupuo kwenye gia boksi ya umri huo.

Oili ya injini na filta, plagi za iridiamu kutoka duka unaloliamini kwa sababu feki zimejaa, filta ya hewa, mkanda wa nje. Gasketi ya kava ya valvu ni kazi ya nusu siku. Bushi za mbele zinaweza kusubiri Dodoma, ukishazibadilisha upange tairi kwa mashine siku hiyo hiyo, la sivyo utakula tairi mpya.

Hiyo LL iliyokataa, mara nyingi ni kuganda tu kwa kutotumika. Badilisha oili ya transfa (boksi linalogawa nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma), kisha kila mwezi ukiwa kwenye vumbi iingize na utembee nayo mita mia moja. Kwa Kiteto hutakosa sehemu.

Oili ya difu ya mbele na ya nyuma mwaga zote mbili. Kabla hujafungua nati ya kutolea oili, hakikisha ya kujazia inafunguka. Kuna watu wamemwaga difu wakabaki hawana pa kujazia, gari liko juu ya mawe na jioni imeingia.

Mkulima_Kiteto

Nimekuelewa mkuu. Rejeta naichukua kesho mchana nikitoka TRA. Nikifungua difu nitapiga picha ya sumaku ya ile nati, uniambie kama chuma kilichonasa ni cha kawaida.

Spana_14

Ipige kabla hujaifuta. Unga laini kama grisi ya kijivu ni kawaida. Ukiona kipande unachoweza kukishika kwa vidole, nipigie kabla hujajaza oili mpya.